Nyumba Isiyovuja Joto

Jumatatu, 4 Julai 1994

Trizah amenipa daftari. Anataka niandike makaa tunayochoma kila siku, kwa mikebe. Klabu ya mazingira shuleni kwao ina mashindano — nyumba itakayochoma makaa kidogo kuliko zote ndani ya wiki mbili, mwalimu Gichuru atakuja kuiona kwa macho yake, Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Na cheti chenye muhuri.

Sasa mimi ukinipa daftari siwezi kuandika mikebe peke yake. Nilifika darasa la saba na hakuna mwalimu ambaye hakusifu mwandiko wangu. Ukurasa wa mikebe nitauchana nimpe mwalimu. Kurasa zingine ni zangu.

Leo mikebe mitatu. Aibu.

Trizah alinieleza nikikata mboga ya sukuma. Ati ukichoma makaa kuna hewa inatoka, kaboni, inapanda inafunika dunia kama blanketi, dunia inashikwa na joto baya. Na miti inaisha. Nikamwambia hiyo blanketi waishushe kidogo huku kwetu Soweto, Julai hii tunatetemeka. "Mathe, hii si jokes," akasema. Kidato cha pili na anaongea kama redio. Katika ploti yetu ya milango kumi na miwili hakuna mtoto mwingine wa sekondari. Sijisifu. Nimehesabu tu.

Jumanne, 5 Julai

Mikebe miwili.

Klabu imewafundisha kikapu. Unachukua kikapu kikubwa, unakijaza nguo kuukuu na nyasi kavu, unaacha shimo katikati la sufuria. Chakula kikichemka nusu saa unakitoa motoni, unakitia humo, unafunika na mto. Kinaiva chenyewe bila moto. Nimejaribu na nyoyo, mahindi na maharagwe ya kwetu. Saa nne asubuhi nikaitia, saa nane nikafunua — mahindi laini, maharagwe yamepasuka. Nilisimama nikaitazama ile sufuria ikitoa mvuke na hakuna moto chini yake. Nywele za mkono zilisimama kidogo. Halafu nikapakua.

Nalianya wa mlango wa pili alikuja kuonja. Yeye ndiye huuza makaa hapa kwetu. Mluhya wa Kimilili, anaishi na binti yake mdogo, Valary. Kijiko kikianguka ploti hii, Nalianya ametoka kuangalia ni cha nani. Akala sahani nzima, akapangusa mdomo: "Mama Trizah, watu wote wakipika na kikapu, mimi nitauzia nani? Utanilisha hicho cheti?"

Nikamwambia nitamlisha nyoyo.

Jumatano, 6 Julai

Mkebe mmoja na nusu. Nimepata akili nyingine. Vumbi la makaa ambalo Nalianya hufagia na kutupa mtaroni — nimeliomba. Nikalichanganya na udongo na maji, nikafinyanga mabonge kama ya ugali, nikayaanika juu ya mabati. Nalianya alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Ati Mjaluo anapika matope.

Alhamisi, 7 Julai

Mabonge yanawaka! Hayana mwali, hayana moshi. Yanakuwa mekundu ndani na kimya, kama jicho. Matatu yakiwashwa asubuhi, mpaka jioni bado yana joto. Nimeweka jiko katikati ya nyumba. Linachemsha chai, linapasha maji ya Daisy, mtoto wetu mchanga, linatupasha sisi. Kazi tatu kwa moto mmoja.

Ila joto lilikuwa linatoroka. Nyumba hii ya udongo ina matundu kama kichungi. Baba Trizah — Oluoch wangu, askari wa usiku kwenye maflati ya Nyayo Highrise — alinibebea kartoni alipotoka kazini. Kabla hajalala tukafanya kazi pamoja. Ule uwazi kati ya ukuta na mabati, kartoni. Dirisha, kartoni na karatasi ya nailoni juu yake. Nyufa, udongo mpya. Chini ya mlango, gunia lililoviringishwa. Nikisimama katikati naona giza tamu, hakuna mshale hata mmoja wa mwanga. Panya akitaka kuingia atabisha.

Baba Trizah akasema amelala kama yuko tumboni mwa mama yake.

Mkebe mmoja.

Jumamosi, 9 Julai

Nusu mkebe jana. Nusu leo. Majirani wanakuja kushika kuta zangu.

Kuna jambo. Mchana nilijilaza na Daisy. Miezi mitano, mzito kama jiwe, na mchana huu hakusumbua hata kidogo. Kichwa kilikuwa kinanigonga tangu asubuhi. Nikaona Dani, mama yake Baba Trizah. Tulimzika Desemba mwaka juzi. Alikuwa ndani, amesimama mlangoni, amenipa mgongo. Kitambaa kichwani ni kile kile tulichomfunga siku ya kumzika, mimi mwenyewe nilikifunga. Mkono wake juu ya komeo. Bila kugeuka akasema neno moja tu la kwetu.

Yaw. Fungua.

Nikaamka na kinywa kikavu. Mlango umefungwa, gunia liko mahali pake. Mabonge yananiangalia.

Jumapili, 10 Julai

Trizah alitapika asubuhi. Kichwa. Nikampa chai ya tangawizi, nikamlaza karibu na joto. Hatukwenda kanisani.

Jumatatu, 11 Julai

Trizah hakwenda shule, hawezi kusimama. Leo mwalimu Gichuru alikuwa anamalizia somo lake la makaa na mtoto analia ati amelikosa. Nikamwambia nusu ya kwanza imetutosha, mama yako anashinda tayari.

Saa nane Baba Trizah akaamka ghafla, akakaa kitandani. "Nani amefungua mlango?"

"Hakuna."

"Mama alikuwa hapa."

Mimi sikuwa nimemwambia ndoto yangu. Huyu ni mwanamume wa kuhesabu makufuli, si wa ndoto. Nikamuuliza amesema nini. Akasugua uso mara nyingi. "Amesema yaw. Alikuwa anasukuma." Akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akacheka vibaya, akalala tena.

Daisy hajalia siku nzima. Midomo yake imekuwa myekundu, inapendeza kama imepakwa rangi. Mtoto mzuri hivi sijaona.

Jumanne, 12 Julai

Trizah alijilazimisha kwenda shule na amerudi mzima kabisa, anaimba. Shule ndiyo dawa yake. Huu ni mwaka wa tatu anashika namba moja au mbili, acha asome.

Nusu mkebe.

Jumatano, 13 Julai

Nimetoka Kawangware sasa hivi, kwa miguu kwenda na kurudi, Daisy mgongoni. Nilikwenda kwa dada yake Baba Trizah, Mama Omolo. Mambo ya mama yao lazima yafike kwake, yeye ndiye mkubwa.

Kwanza Daisy. Tulipopita Ngong Road tu akaanza kulia. Kwa Mama Omolo — nyumba ya mbao, upepo unaingia huku unatokea kule, hata pazia halitulii — mtoto alipiga kelele mpaka majirani wakauliza. Alipiga mateke. Alikataa kunyonya, akanyonya sana, akakataa tena. Nilikuwa nimesahau ana sauti. Na mimi kichwa kikawa chepesi, macho yakaona mbali.

Mama Omolo akamtazama mtoto kwa muda.

"Nyar Alego," akaniita, yaani binti wa Alego, kwetu nilikozaliwa, "kule nyumbani analia hivi?"

"Kule halii kabisa."

"Basi. Kule kuna mtu anamtuliza."

Akamchukua mtoto mapajani mwake.

"Jina lake ni nani?"

"Daisy."

"Hilo ni la hospitali. Nauliza jina."

Nikasema bado hatujampa. Tulikuwa tunangoja kwenda nyumbani Desemba. Akatikisa kichwa. Kwetu aliyekufa akitaka mtoto aitwe jina lake anakuja usingizini, anasimama, anasema. Ukichelewa mtoto anaugua. Kila mtu anajua.

"Mama alisemaje hasa?" akauliza. "Niambie neno lake. Alisema yawna?"

Yawna, yaani nifungulie mimi.

Nikasema ndiyo, yawna.

"Umeona sasa. Anataka kuingia. Mnamfungia nje, na baridi hii, na jina lake liko tu hewani. Ijumaa nakuja."

Tulipofika Soweto nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikarudisha gunia. Kabla maji hayajachemka Daisy alikuwa ametulia. Kimya kabisa. Nikapata baridi ya mgongo na furaha kwa pamoja.

Alhamisi, 14 Julai

Kichwa. Nusu mkebe.

Ijumaa, 15 Julai

Mtoto ana jina!

Mama Omolo alifika asubuhi na kuku. Daisy alikuwa analia kwa sababu nilikuwa nimemwogesha nje. Tukaingia, tukafunga, tukaketi kuzunguka jiko, Baba Trizah akakatisha usingizi wake. Mama Omolo akambeba, akaanza kumwitia majina ya wafu wa boma lao, mmoja mmoja, polepole. Wewe ni Awino? Mtoto analia. Wewe ni Adongo? Analia. Akarudia na kurudia. Muda ukaenda, jasho likatutoka, kilio kikawa kinapungua, kinapungua. Mama Omolo akainama sikioni: "Ama wewe ni Apondi?"

Kimya. Mara moja, kama mtu amekata uzi. Akafumba macho akalala na midomo ile myekundu.

Baba Trizah alilia. Miaka kumi na saba namjua, sijawahi kuona.

Basi Dani Apondi ameingia. Mama Omolo mwenyewe aliposimama alishika ukuta. "Hata mimi amenishika," akasema, "kichwa kizima." Tulimsindikiza mpaka njiani akapata nguvu.

Sasa atatulia. Jina amepata.

Jumamosi, 16 Julai

Nusu mkebe tena. Klabu nzima haina mwingine amefika nusu, Trizah ameuliza. Keshokutwa mwalimu anakuja. Nimesugua sufuria mpaka zinaniona.

Baridi ya leo ni ya kuua. Manyunyu tangu alfajiri. Nani akaja kubisha? Nalianya. Anaangalia chini, anakuna kiwiko.

"Mama Trizah, zile kartoni zako zilibaki?"

"Za kupika matope?"

"Wacha hizo, dada. Valary anakohoa usiku. Nyumba yangu ni uwanja wa mpira."

Nilijisikia kama mwalimu mkuu. Nilibeba kartoni zilizobaki na ile nailoni ya bluu, nikaenda kumfanyia mwenyewe, maana mkono wangu ni safi kuliko wake. Nilimkatia kipande cha dirisha kama fundi nguo. Nikamwonyesha kuviringisha gunia la chini ya mlango, mpaka akaweza. Nikamwachia mabonge sita. Valary alikaa karibu na jiko akayahesabu yakiwaka, moja, mbili, tatu. "Yana macho," akasema. Nikamwambia ndiyo, yanakulinda.

Milango miwili sasa. Mama wa mlango wa saba naye ameuliza. Nitawafundisha wote.

Nilipopitiwa na usingizi saa tisa, Dani alikuja. Nilidhani amekwisha kuridhika. Amesimama pale pale, mgongo, komeo. Mara hii anagonga mlango kwa kiganja, kutoka ndani.

Jumapili, 17 Julai, saa tisa mchana

Naandika nje. Nimekalia gunia tupu, Apondi mapajani, amefungwa shuka mbili. Analia. Alie tu. Mikono lazima niipe kazi, kwa hiyo naandika.

Nipange.

Asubuhi Trizah alikwenda kanisani, akaniambia akitoka atapitia kwa rafiki yake akanakili lile somo alilokosa. Baba Trizah alirudi kazini saa moja, akala, akalala. Niliwasha mabonge manne badala ya matatu, nilitaka kuta ziwe na joto mwalimu akizishika kesho. Nyoyo ndani ya kikapu. Gunia chini ya mlango. Nikakaa na daftari nichane ule ukurasa wa mikebe.

Kichwa kilikuwa kinatwangwa. Nambari zilikuwa zinaogelea. Nikarudi nyuma kusoma, kuona kama nimeandika vizuri. Tarehe tisa, mwandiko wangu: Yaw. Tarehe kumi na moja, Baba Trizah: yaw. Nikasoma tena. Kwenye ndoto zile mbili hakuna mahali nimeandika yawna. Hilo neno nilimpa Mama Omolo kwa sababu alilitaka na mimi nilitaka kwenda nyumbani na jibu. Dani hakusema nifungulie. Alisema fungua. Na hakuwa nje. Siku zote alikuwa ndani, pamoja na sisi, amenipa mgongo, anataka mlango.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka wa sabini na saba, nimeolewa juzi, napika jikoni kwa Dani na magunzi. Upepo wa ziwa unazima moto, nafunga mlango. Na yeye, popote alipo, shambani, kisimani, anapiga kelele — yaw dhoot, fungua huo mlango. Kila siku. Nilimchukia kwa neno hilo. Hakuwahi kuniambia sababu, na nani anamuuliza mama mkwe sababu.

Nikamtazama mtoto. Mdomo wazi, mwekundu. Nikamtikisa. Shingo ikaenda upande.

Niliposimama nilianguka. Miguu haikuwa yangu. Nilitambaa nikivuta shuka na mtoto juu yake kama mtu anavuta kuni. Gunia lilikuwa zito. Komeo sikuliona, nililipapasa, na naapa kulikuwa na mkono mwingine juu yake, mkavu, wa baridi, ukisukuma pamoja na wangu. Mlango ukafunguka, tukaanguka matopeni.

Mtoto hakulia. Nilimwita Apondi. Nilimwita Daisy. Nilimwita majina yote ya Ijumaa na mengine ya kwetu Alego. Halafu akakohoa. Halafu akalia. Watu wakatoka.

Wanaume wanne walimtoa Baba Trizah kwenye godoro lake. Wabwire, daktari wa kliniki ya karibu na reli, alikuja na viatu visivyofungwa. Alisimama mlangoni, akaangalia jiko, akaangalia kuta zangu, akasema kwa upole, "Mama, hapa umeziba kila kitu." Akamsikiliza mtoto, akasema akae nje kwenye hewa, asiingie ndani hata dakika. Baba Trizah anapumua lakini hafungui macho. Wamempakia kwenye mkokoteni kwenda hospitali.

Trizah alifika wakati wanamfunika asipate baridi. Karatasi mkononi. Alisoma pale pale, sauti ndogo kama ya mtoto wa nasari. Kwamba kuna kaboni ya pili. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha inatoka hiyo, haina rangi, haina harufu, inaingia kwenye damu, mtu anasikia usingizi. Kwamba kupunguza makaa ni vizuri, kikapu ni kizuri, lakini jiko liwe mlangoni au nje na nyumba ipumue.

"Ndilo somo la Jumatatu, mathe. Nilikuwa nimelala hapo."

Akakimbia kufuata mkokoteni.

Ile blanketi ya dunia. Mimi niliishonea nyumba yangu mwenyewe, kwa mkono wangu safi.

Nimeambiwa ningoje. Watu wamesimama kwa mafungu wanaongea chini chini. Mama wa mlango wa saba ameniletea chai. Wanaingia kuchungulia kikapu, wanatoka wakifuta mikono kama walioshika kitu kibaya. Ploti nzima iko nje, hata yule mzee wa mlango wa kwanza ambaye hatoki. Nimewahesabu, ni tabia yangu. Milango kumi na mmoja iko wazi.

Sijamsikia Nalianya. Nimepiga kelele zile zote, mkokoteni umekuja umekwenda, na hakuja kuuliza ni kijiko cha nani.

Labda yuko kanisani. Lakini gunia lake la makaa liko nje limelowa, na yeye halowanishi makaa.

Mlango wake umefungwa. Gunia liko chini, limeviringishwa vizuri. Nailoni yangu ya bluu dirishani, imekaza, haipepei hata kidogo. Hakuna moshi. Ndala za Valary ziko kwenye kizingiti, mbili, nyekundu, vidole vikiangalia ndani.

Nimeita. Mama Valary. Nimeita mara mbili.

Kichwa changu kimepoa sasa, naona vizuri, ni mchana, na nimelisikia tena lile neno. Yaw. Na kiganja kwenye mbao. Linatoka ndani, kwa Nalianya, upande wa